Ushauri: Moyo unaenda mbio usiku, nitumie dawa gani?

Bajaji Nkuhungu (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Mimi ni kijana wa miaka 25, nipo hapa Dodoma. Usiku nikilala moyo unaenda mbio mpaka nausikia shingoni, mikono inatetemeka, usingizi unapaa. Sivuti, pombe sigusi. Naomba jina la dawa ya kutuliza mapigo, isiwe ya bei kubwa. Kejeli sitaki. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Makole
Dogo, hayo ni mapenzi. Mrudie huyo binti, utalala.

Mama Wawili
Pole mwanangu. Mimi presha ilinianza na mimba ya pili, nikakatazwa chumvi. Mama mkwe akawa anapika mlenda mkavu usio na chumvi kabisa, nyumba nzima ikanuna. Sasa nipo vizuri. Vijana hamsali, ndiyo shida.

Sista Zai
Mdogo wangu, unakunywa nini kutwa?

Bajaji Nkuhungu
Chai asubuhi, soda mchana, maji. Kama kila mtu.

Sista Zai
Na ukiwa barabarani?

Bajaji Nkuhungu
Energy drink, dada. Si nyingi, ni tatu, siku ya abiria wengi nne. Nasubiri mabasi Nanenane mpaka alfajiri, ukisinzia wenzako wanabeba abiria wako. Bosi anataka hesabu yake hata ikinyesha mvua.

Sista Zai
Kopo la kawaida la mililita 250 lina kafeini kama miligramu 80 na sukari gramu 27 hivi. Zako nne ni 320, na mtu mzima mwenye afya anashauriwa asivuke 400 kwa siku. Chai na soda sijahesabu. Sukari imepita gramu 100, wakati WHO wanataka isizidi 50, na ikibaki chini ya 25 ndiyo bora. Halafu ukinywa saa tisa usiku, saa mbili asubuhi karibu nusu ya kafeini bado ipo mwilini. Una ugonjwa wowote? Kuna dawa unatumia?

Bajaji Nkuhungu
Sina ugonjwa.

Mzee wa Makole
Sisi tulikuwa tunakunywa uji wa uwele tunalima mpaka jua linazama. Mnakunywa rangi, mnalalamika moyo.

Sista Zai
Bajaji, hata pumu?

Bajaji Nkuhungu
Pumu ninayo toka utoto ila si mgonjwa. Vumbi la huku mnalijua, napuliza ile pampu ya bluu. Siku hizi karibu kila siku. Ila propranololi nimeshanunua, muuzaji wa duka la dawa amesema inatuliza moyo, na mwenzangu wa kijiweni anameza yupo fiti. Nilitaka tu mnithibitishie.

Sista Zai
USIMEZE. Propranololi inaweza kumbana mwenye pumu akakosa pumzi. Na hiyo pampu, kama ni salbutamoli, nayo inapandisha mapigo, unaongezea na energy juu. Pampu usiitupe, ukibanwa puliza, lakini kuihitaji kila siku maana yake pumu haijatulia, unahitaji dawa ya kuidhibiti. Nenda hospitali, General au Benjamin Mkapa, wakupime umeme wa moyo, na uwaambie yote uliyotuficha. Ukizimia au kifua kikiuma, usisubiri kesho.

Bajaji Nkuhungu
Dada nakuelewa, lakini hela imeshatoka. Nikimeza nusu? Na siku nikikaa foleni hospitali, hesabu nani atalipa?

Kijiwe Area A
Wakuu, chai hii, anatudanganya. Usiku yupo Nanenane mpaka alfajiri, halafu "usiku nikilala" moyo unaenda mbio. Analala usiku upi? Na mwezi wa tatu ID hiihii ilisema ni mwalimu Kongwa, anatafuta wa kubadilishana kituo aje mjini.

Mzee wa Makole
😂😂 Mwalimu wa bajaji! Sukari ijae, mnywe.

Bajaji Nkuhungu
Ule uzi ni wa kaka yangu, alitumia simu yangu. Na nina siku za kulala usiku, bajaji ikiwa kwa fundi. Kama huna ushauri pita.

Mama Wawili
Mimi nilijua tangu mwanzo. Nimempa na siri ya mlenda wangu bure.

Sista Zai
Chai au si chai, wenye pumu humu wapo na propranololi inauzwa. Bajaji, hicho kidonge umemeza au hujameza?

Ticha Nzuguni
Samahani kutoka nje ya mada. Mimi nafundisha huku mjini, kwetu ni Kongwa na nataka kurudi. Huyo kaka bado anatafuta?

Bajaji Nkuhungu
Bado mkuu. Anafundisha hisabati. Njoo PM.