Vigunduzi vya mapigo makali ya urujuanimno na eksirei: silikoni, almasi au dayodi ya ombwe?

fundi_iyunga: Habari zenu wakuu. Hapa Mbeya tunaunda mashine ndogo ya plasma, kapasita ya mikrofaradi 30 inayochajiwa hadi volti 15,000. Mpigo wake wa urujuanimno na eksirei unadumu makumi ya nanosekunde tu. Fedha iliyopo inatosha aina moja ya kigunduzi. Oskiloskopu ni ya MHz 100. Nichukue dayodi ya PIN ya silikoni (inayogeuza mwanga kuwa umeme), ya almasi, au ya ombwe (isiyo na hewa ndani) yenye katodi ya alumini?

mwanafizikia_iringa: Silikoni, bila kusita. Dayodi ya PIN aina ya BPX65 iliyobanduliwa kioo cha mbele imetumika sana kwenye mashine za namna hiyo, na bei yake haiumizi. Silikoni inahitaji elektronivolti (eV) 3.66 za nishati kuzalisha jozi moja ya chaji. Almasi inadai kama 13. Kwa hiyo kwa nishati ileile iliyomezwa silikoni inakupa chaji zaidi ya mara tatu. Ila inaona kila kitu, hata mwanga wa kawaida wa plasma. Funika na foili ya alumini.

dada_tukuyu: Kaka, ukifunika na foili, urujuanimno wenyewe umeuzuia. Umebaki na eksirei peke yake, na yeye ameomba vyote viwili. Almasi haioni mwanga wenye wimbi refu kuliko nanomita 225 hivi, kwa hiyo unaielekeza kwenye plasma bila foili. Tena inavumilia mionzi kuliko silikoni. Msijaribu tu kuipima kwa leza ya nitrojeni: mwanga wake wa nanomita 337 almasi haitauona, mtadhani imekufa.

mwanafizikia_iringa: Hapo umenishika, dada. Lakini kasi ya almasi hatafaidi. Oskiloskopu ya MHz 100 haiwezi kuonyesha mpando wa haraka kuliko nanosekunde 3.5.

mzee_wa_ombwe: Vijana, mnabishania kasi, na kinachoharibu vipimo hapa ni ukali. Mpigo ukizidi, chaji inafuta volti ulizoipa dayodi na kilele kinakatwa. Mchoro unabaki mzuri machoni, namba ni ya uongo. Kwa BPX65 yenye volti 45 na kebo ya ohm 50, mimi kilele kikipita volti 10 siamini tena. Pimeni hivi: ndani ya ombwe, sogezeni dayodi umbali mara mbili. Kilele kishuke hadi robo. Kikishuka hadi nusu tu, dayodi imeshiba. Ongezeni umbali au foili. Kisha wekeni bamba la risasi (metali nzito) mbele yake, muiwashe mashine tena: kitakachobaki kwenye skrini ni kelele ya cheche inayoingia kwenye kebo.

Dayodi ya ombwe ndiyo inayostahimili ukali zaidi, kwa kuwa unaipa volti nyingi. Lakini katodi yake inabadilika ikiguswa na hewa au mvuke wa mafuta ya pampu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, pampu inasimama na hamtajua kama kipimo cha jana na cha leo vinalingana. Kwa maabara isiyo na jenereta, siipendekezi.

fundi_iyunga: Asante mzee, shikamoo. Basi lengo letu la kwanza ni eksirei: tunaanza na BPX65 mbili, zenye foili za unene tofauti. Almasi tutaiombea fedha tukifika kwenye urujuanimno. Foili ya jikoni inafaa?

dada_tukuyu: Inafaa, ila ikunje mara mbili. Ina vitobo vidogo. Ishike mbele ya taa gizani utaviona. Na kibali cha TAEC (Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania) kiwe mkononi kabla ya kuiwasha.

mzee_wa_ombwe: Marahaba. Mbeya iko juu, hewa nyepesi: swichi yenu ya cheche itapasuka kwa volti ndogo kuliko michoro inavyosema. Tanueni mwanya wake.