Wanasarakasi walijifichaje wakati wa Hitler?

BintiMkunazini: Asalaam alaykum jamani. Jana jioni nlikuwa Forodhani na mwanangu twatizama vijana wa makachu wanavyojirusha baharini, mara akaniuliza mama, Hitler aliwafanya nini watu wa sarakasi, maana skuli wanasomeshwa vita vya pili. Nikakosa jawabu. Mayahudi waliuliwa hilo nnalijua, lakini mwanasarakasi kila siku yuko mbele za watu, atajificha wapi? Anaejua anisaidie.

MzeeWete: Waalaykum salaam binti yangu. Msomee huyu, Irene Danner, kwao mama ni akina Lorch, Mayahudi waliokuwa na sarakasi yao wenyewe Ujerumani. Mwaka 1941 sarakasi ya Adolf Althoff ikapiga hema karibu na Darmstadt, Irene akaenda kuomba kazi na Althoff akampokea huku anajua fika ni Myahudi, akampa jina jengine. Baadae wakaja mama yake na nduguye, hata baba yake ambae hakuwa Myahudi. Bibi yake ndie alochukuliwa nyumbani, akapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akafa huko. Kilichowafaa wengine ni ule msafara, leo mji huu kesho mwengine, na wakaguzi wakija Althoff anawakaribisha vinywaji na soga hawamalizi, huku Irene na jamaa zake wamejibanza ndani ya magari kimyaa. Na kwenye hiyo sarakasi mlikuwa na watu kama 90, hebu fikiria, ulimi wa mmoja tu ungewamaliza wote! Irene akapendana na mchekeshaji wa mle mle, Peter Bento, wakazaa vita vikiwa bado, ila sheria ya Wanazi haikumruhusu Myahudi kuoana na asiekuwa Myahudi. Althoff na mkewe Maria walikuja kutunukiwa na Israeli mwaka 1995.

Msomeshaji_Chake: Ahsante mzee. Na wetu tusimsahau, Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam 1904, askari wa Mjerumani tangu mtoto vita vya kwanza, halafu Berlin akisomesha Kiswahili chuo kikuu na kuigiza filamu, akaingia na Deutsche Afrika-Schau, maonesho ya kuzungusha watu weusi mji kwa mji mpaka yakafungwa 1940. Mwaka 1941 wakamkamata kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu wa Kijerumani, wakamtia kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafa 24 Novemba 1944. Mimi nasomesha lugha hii hii, linaniuma kweli.

BintiMkunazini: Allah awalipe, machozi yamenitoka. Jumamosi tunarudi Forodhani, nitamhadithia ya Husen pale pale ukutani.