Baba akifariki katikati ya muhula, chuo kinakupa fomu ya kuahirisha mwaka. Huo ndio msaada kwa wanafunzi?

Wakuu, uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, naombeni uvumilivu.

Mimi ni CR, yaani mwakilishi wa darasa letu, mwaka wa pili. Chuo sikitaji, kwa sababu mwenzetu ninayemsemea bado anategemea hao hao watu na sitaki wamkomoe. Ila mlioko vyuoni ofisi hii mtaitambua.

Huyu jamaa ni mtulivu, kichwani yuko vizuri kuliko wengi wetu. Mkopo hakuwa nao. Mzee wake alikuwa na kazi yake, anamlipia ada kwa awamu, na hela ya kula inatumwa kwenye simu kila mwezi. Januari mzee akafariki. Jamaa akaenda kuzika, akarudi chuo ada ya muhula wa pili haijalipwa hata shilingi, kodi ya geto, chumba alichopanga mtaani, imeisha, mama yuko kijijini na wadogo zake, na wote sasa wanamtazama yeye.

Tukaanza kumwona anapiga pasi ndefu. Saa kumi jioni anakula wali maharage kwa mama ntilie nje ya geti, basi, mpaka kesho saa kumi. Usiku anabebwa hosteli, yaani rafiki yake anamlaza chumbani kwake kwa siri, analala chini kati ya vitanda viwili, na walinzi wakipita kukagua anakimbilia chooni na daftari mkononi. Mtu aliyetoka kumzika baba yake anajificha chooni kwenye chuo anachosoma.

Tukasema twende kwa Dean. Si ndiyo kazi ya Mshauri wa Wanafunzi? Mlangoni kumebandikwa karatasi: wanafunzi wanaonwa Jumanne na Alhamisi, saa nne hadi saa sita. Yaani shida yako nayo isubiri Jumanne.

Tukaonwa. Swali la kwanza, kabla hata ya pole: "Cheti cha kifo kiko wapi?" Jamaa akatoa kibali cha mazishi. Hicho hawakitambui, wanataka cheti cha RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Hapa niwaeleze wasiojua. Kibali cha mazishi familia inakipata mapema kwa sababu bila hicho huziki. Cheti cha kifo kinafuatiliwa wilayani, na nauli ni yako. Tena kwenye familia nyingi makaratasi ya marehemu yanashikwa na baba mkubwa au mjomba mpaka kikao cha ukoo kikae. Kijana wa miaka ishirini na kitu hawezi kumwendea baba yake mkubwa kabla ya arobaini akamwambia nipe nyaraka za mzee, chuo kinazitaka. Ataonekana ana haraka ya mirathi. Wanaoweka masharti haya ni Watanzania wenzetu, misiba wanaijua, wanajua mambo yanavyokwenda.

Haya, tukachanga nauli kwenye groupu la darasa. Akaenda, akarudi na cheti, akarudi na barua ya mtendaji wa kijiji yenye mhuri. Ofisa akasoma, akafunga faili, akavuta droo ya juu ya meza. Humo mna rundo la fomu za kuahirisha masomo, na niliziona kwa macho yangu zimeshagongwa mhuri wa ofisi kabla mtu hajaandikwa jina. Akachomoa moja. "Nenda nyumbani ukajipange, utarudi mwakani."

Ajipange na nini? Kama nyumbani kungekuwa na cha kujipangia, angekuwa amesimama mbele ya meza yako?

Kwa hiyo nauli yote ile, cheti, barua, mihuri, vilikuwa vya kuthibitisha kwamba ana shida kweli ili apewe ruhusa ya kuondoka. Nani anahitaji ushahidi ili afukuzwe? Na tuambiane ukweli, ukishaenda nyumbani mwaka mzima huku mama anakutazama, unashika kibarua, unapanda bodaboda, mdogo wako anaingia fomu wani, na hicho chuo unakisikia kwenye redio. Kila darasa lina watu wake walioahirisha wakapotea.

Najua wapo watakaokuja hapa na "si aombe mkopo Bodi". Ataomba. Wanaoendelea na masomo wanaruhusiwa kuomba. Lakini Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2004, inapanga mikopo kwa mwaka wa masomo. Dirisha likifunguliwa unaomba, unasubiri, unapangiwa. Utaratibu huo hautamfikia mtu aliyefiwa Januari na mtihani wake uko mwisho wa muhula huu huu. Hilo pengo la katikati ni la chuo. Na msifikiri mwenye mkopo ameshiba. Posho ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na humo humo toa kodi. Wenye boom, hiyo posho ya mkopo, hao hao ndio wamemlisha mwenzao miezi hii, si ofisi.

Sasa linalonitoa machozi ni la mtihani. Hujamaliza ada, jina lako kwenye orodha ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, halitoki. Nimewauliza na nitauliza tena hapa: mkimruhusu akafanya, mnapoteza nini? Matokeo mnayo nyinyi, transkripti mnayo nyinyi, cheti mnacho nyinyi. Zuieni hivyo mpaka alipe. Chumba cha mtihani kina viti, karatasi zimeshachapwa. Mkimzuia mlangoni, ada hamtaipata na mwanafunzi mmempoteza.

Halafu msituambie hakuna fedha. Kila mwanafunzi analipa mchango wa serikali ya wanafunzi, na unaingia kwenye bili moja na ada, huwezi kuukwepa. Mwaka huu umelipia jukwaa, spika na msanii wa kukaribisha mwaka wa kwanza, na fulana za viongozi. Tengeni sehemu iwe ya dharura: chakula cha wiki kadhaa, kitanda hosteli, nauli ya msiba. Kazi nazo zipo. Kupanga vitabu maktaba, kuingiza data, usafi wa madarasa, vyote wamepewa wazabuni wa nje, wakati mwanafunzi wenu yuko tayari kufanya jioni apate ada.

Na kwa dada zetu ni mbaya zaidi. Akikwama na ofisi ikimpa fomu, mtaani yuko mwanaume mtu mzima anayemsubiri na kodi ya miezi sita mkononi, na bei yake sote tunaijua. Wanaokaa ofisi hizo nao wanaijua, wana mabinti.

Sasa hivi darasa tumechanga, tumefikisha karibu nusu ya ada. Barua ya kuomba aruhusiwe kufanya UE huku akimalizia iliyobaki imepokelewa masjala, imegongwa mhuri, na haijajibiwa. Mtihani wa kwanza ni Jumatatu ya wiki ijayo.

Ninachoomba kwenu: kama chuo chenu kinamruhusu mwenye deni afanye mtihani kisha kinashikilia matokeo, au kina mfuko wa dharura unaofanya kazi kweli, andikeni utaratibu wake hapa, unaombwaje, nani anasaini, unachukua muda gani. Nitauchapa na kuupeleka kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, Alhamisi hii, pamoja na sahihi za darasa zima. Na kama kuna mwanasheria humu, naomba unisomee sheria ndogo za mitihani za chuo chetu, nikutumie PM.