Fomu haina udi, na Desemba 1 ndiyo hiyo

Mama Abdul, Columbus

Assalaam aleikum ndugu zangu, na wasiokuwa wa salamu hiyo hamjambo. Mnisamehe urefu, tangu jana sijalala.

Mwanangu yuko gredi ya 12, anataka kusomea utunzi wa muziki, BM (digrii ya muziki wenyewe) si BA ya jumla. Chuo ni cha serikali, humu humu jimboni. Chuo chenyewe kimeshamkubali, lakini shule ya muziki ina mlango wake: potfolio ya tungo tatu, nota kwa PDF pamoja na rekodi, halafu audisheni ya chombo kimoja. Potfolio iko tayari. Kwenye fomu ya audisheni kuna menyu ya chombo kikuu. Fidla ipo, tuba ipo, hata kinubi kipo. Udi hakuna. Abdul anapiga udi tangu ana miaka tisa, alifunzwa na mjomba wake Kibokoni, Mombasa, gitaa hajawahi kushika. Akachagua "nyingine", akaandika jina. Jana imeli imeingia: chagua chombo kilichoko kwenye orodha, la sivyo faili litafungwa. Nikapiga simu. Yule dada akaniambia basi weka gitaa, si vinafanana?

Leo ni tarehe 19 Novemba, na mwisho wa kutuma ni Desemba 1. Aweke gitaa, ama tung'ang'anie "nyingine"? Nataka aliyepitia, si wa kukisia.

Mzee wa Houston

Waalaikumsalaam mama. Kabla ya udi, FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali, mmejaza? Kama nyinyi si raia msijisumbue, FAFSA ni ya raia peke yake. Wangu alikataliwa 2019 nikiwa nimeshalipa ada ya maombi vyuo sita. Na kwa heri tu nashauri: kijana achukue RN, muziki apige wikendi. Hapa nyumbani tuna manesi watatu, hakuna aliyelala na njaa.

Binti Likoni, Minneapolis

Shikamoo mzee, lakini taratibu. FAFSA si ya raia tu. Wa grinikadi anajaza, mkimbizi anajaza, aliyepewa hifadhi anajaza na I-94 yake, ile karatasi ya kuingilia nchini. Asiyepata ni wa F-1, viza ya mwanafunzi, na wa H-4, viza ya familia ya mfanyakazi, vilevile. Nyinyi mlikuwa H-4, umetusimulia mwenyewe humu zaidi ya mara moja.

Mama Abdul, rekodi mmefanyaje? Wangu alituma mwaka juzi. Kwa mara ya kwanza alitoa sauti moja kwa moja kwenye programu, ile violini inayolia kama mbu. Mwalimu wake akamwambia wanapokea, lakini wakisikia watu halisi wanapiga ndipo wanapojua kama mtunzi anaelewa pumzi na mikono. Basi tukakusanya watu sita wa kwaya chini kwenye besimenti, Jumamosi saa nne usiku, simu mbili zimesimamishwa juu ya kopo la unga. Wimbo umetoka vizuri, ila katikati kabisa, pale sauti zote zinaponyamaza mapigo manne, friji langu linaanza kunguruma. Hatukuwa na muda wa kurudia, tukatuma hivyo hivyo. Kwenye mahojiano profesa akamuuliza ile sauti nzito ya chini ni chombo gani.

Ndugu wa Kisumu, Seattle

Pole mama. Swali la mshamba: udi si ule wa kufukiza?

Binti Likoni, Minneapolis

Wa kufukiza pia mama anao, atauhitaji baada ya kuongea na ofisi hiyo.

Fundi wa Nyuzi, Toronto

Ndugu wa Kisumu, udi ni chombo cha nyuzi chenye tumbo kama nusu ya boga. Mama, huyo dada wa ofisi amekosea na kosa lake si dogo. Gitaa ina vile vyuma shingoni, udi hauna. Ukipiga makamu ya Bayati kuanzia D, sauti ya pili inakaa katikati ya E na E flati. Kwenye gitaa hapo katikati hakuna pa kuweka kidole. Akiandika gitaa watamkalisha mbele ya jopo la magitaa na kumwomba vitu ambavyo hajasoma. Nota zake ameandikia programu gani? MuseScore ni ya bure na alama za robo sauti zinapatikana. Watungaji wengi hawajui, wanaandika E flati kisha wanaomba radhi kwa mdomo.

Mimi huku ni Kanada, mambo yetu ni tofauti, kwa hiyo la fomu siwezi kusema.

Tabata, Maryland

Mnahangaika bure na vyuo vya serikali. Mpelekeni Juilliard, kile chuo cha sanaa cha New York, pale hakuna ada.

Binti Likoni, Minneapolis

Si Juilliard, ndugu yangu. Juilliard ada ipo, tena ndefu. Unayemsema ni Curtis, chuo cha muziki cha Philadelphia. Pale tangu 1928 halipishwi mtu masomo, ila nyumba na chakula ni juu yako, na chuo kizima hakifikishi wanafunzi 200. Na mama ameshasema yuko wapi na anataka nini. Halafu vyuo binafsi vingi vinataka CSS, fomu nyingine ya msaada wa ada, juu ya FAFSA, msije mkachanganya hizo mbili.

Fundi wa Nyuzi, Toronto

1928 ndio mwaka Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi santuri. Basi tu nimekumbuka.

Tabata, Maryland

Fundi umenigusa. Bibi yangu alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, sindano akiificha kwenye kibweta na dhahabu zake. Idi ya pili watu wanakuja na viti vyao. Leo niko hapa nasukuma theluji saa kumi na moja alfajiri.

Kaka wa Bukavu, Des Moines

Bandugu, miye sina jibu ya udi, niko na yangu. Mutoto ya dada yangu alipata nafasi ya piano, wakamupa na skolashipu, lakini ofisi inakatala kumupa I-20, ile karatasi ya chuo ya kuombea visa, mupaka tuonyeshe pesa ya mwaka muzima kwenye banki. Skolashipu inalipa masomo, haigusi nyumba na chakula. Kiisha I-20 kuna SEVIS, pesa ya kuandikisha mwanafunzi mugeni, dola 350, mbele ya visa. Dada anauliza kama anaweza kutumia banki ya wajomba wawili pamoja.

Mzee wa Houston

Wajomba wanaruhusiwa, kila mmoja na barua yake na stetimenti yake. Hili najua, nimelifanya. Ndiyo maana nasema chukueni uraia mapema, haya yote mnayakwepa.

Tabata, Maryland

Mzee, kwako rahisi kusema. Mkenya katiba ya 2010 imemruhusu pasi mbili. Mtanzania akila kiapo hapa, kule kwao anakuwa mgeni, hata kwenye maziko ya mamake. Hela tunazotuma wanazipenda, sisi wenyewe hapana.

Ndugu wa Kisumu, Seattle

Tumeanza.

Tabata, Maryland

Tumeanza nini? Ni ukweli.

Binti Likoni, Minneapolis

Ukweli wa pasi una uzi wake wa mjadala humu, ulifunguliwa Septemba na bado uko wazi. Kaka wa Bukavu naye afungue wake. Mama Abdul, vyuo vingine kwa utunzi hawaombi chombo hata kidogo, wanataka mahojiano tu. Hicho chenu wanaomba kweli, au ni fomu ya wapigaji mmepewa kimakosa?

Mama Abdul, Columbus

Wanaomba, imeandikwa kwenye wavuti wao. Nashukuru nyote. FAFSA tumejaza, tuna grinikadi, hilo halikuwa tatizo. RN sijasema siitaki, yeye ndiye haitaki. Leo nimepiga simu tena, nimesubiri dakika arubaini na kinanda kile kile kinajirudia, nikapata dada mwingine. Yeye ameniambia "nyingine" ni sawa kabisa, na imeli ile hajui nani aliituma. Nimemwomba aniandikie, akasema hilo si kazi ya ofisi yake.

Zimebaki siku kumi na moja. Abdul amerekodi bashraf, muziki wa ala bila kuimba, aliyoitunga mwenyewe, naweka hapa msikie. Swali langu ni lile lile.

Fundi wa Nyuzi, Toronto

Mashallah. Mwambie uzi wa pili umeshuka kidogo, akaze kabla hajarekodi ya mwisho.

Mzee wa Houston

Kwangu haifunguki.

Ndugu wa Kisumu, Seattle

Bonyeza ile ya chini mzee, ya juu ni picha.