Fundi amefunga injekta kubwa na kuidanganya kompyuta ya gari: je, hii ndiyo inaitwa kutuni?

Ndugu wadau, nina hasira na sitaificha. Nilipeleka gari langu lenye turbo karakana ili zitolewe injekta (vifaa vinavyonyunyiza mafuta kwenye injini) za sentimita za ujazo 300 kwa dakika, zifungwe za 450, kisha injini ituniwe upya, yaani kompyuta yake ipangwe iendane nazo. Nimerudishiwa gari linalozima kila nikiachia mafuta, na ambalo injini yake inagonga (mafuta yanalipuka ovyo ndani yake) ninapokanyaga kupanda mlima. Nilipolalamika, nikaambiwa kwamba gari lenye turbo ndivyo lilivyo na kwamba nitalizoea.

Nililipeleka kwa fundi mwingine asome kompyuta. Mahali panapojazwa ujazo wa injekta bado pameandikwa 300! Alichofanya yule wa kwanza ni kupunguza kwa theluthi moja usomaji wote wa sensa ya hewa, ili kompyuta iamini kwamba hewa inayoingia ni kidogo na ifungue injekta kwa muda mfupi zaidi. Kwenye mashine ya kupima moshi, mchanganyiko wa hewa na mafuta ukikanyaga unaonekana sawa, na hapo ndipo alipoishia. Lakini kompyuta ile ile hutumia kiasi cha hewa kukadiria mzigo wa injini, na kwa mzigo huo huchagua taimingi ya cheche, yaani wakati wa kuwasha mafuta. Ikidanganywa kwamba mzigo ni mdogo, itaiwahisha cheche kana kwamba gari linatembea tambarare, ilhali turbo inasukuma hewa kwa nguvu zote. Kugonga ninakokusikia kunatoka hapo, na kugonga kwa namna hiyo huvunja pistoni.

Kuna jambo la pili ambalo hakuligusa kabisa, nalo ni ule muda ambao injekta hupewa umeme kabla haijaanza kumwaga mafuta. Tuchukulie injekta za zamani zilihitaji milisekunde 1.0 na hizi mpya zinahitaji 1.2. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, ikitaka mafuta ya milisekunde 1.0 tu, tofauti hiyo ya 0.2 inaipunguzia asilimia 20 ya mafuta, ndiyo maana inazima. Ikikanyagwa hadi mwisho na kutaka milisekunde 10, kosa hilo hilo ni asilimia 2, wala hulioni. Masahihisho ya mafuta kwenye kompyuta yangu, yaani kiasi inachoongeza au kupunguza yenyewe ili kusawazisha mchanganyiko, yanasimulia habari hiyo hiyo: yamepanda sana injini ikiwa imetulia, kisha yanashuka kadiri mzigo unavyoongezeka. Mtu anayejiita mtaalamu anawezaje kuyatazama hayo asitambue tatizo liko wapi?

Isitoshe, muda huo hurefuka volti zinaposhuka, kwa hiyo nikiwasha taa na feni kwa pamoja hali inazidi kuwa mbaya. Takwimu za injekta kwa kila kiwango cha volti hutolewa na watengenezaji makini. Nilizipeleka zimechapishwa, nikazikuta kwenye kiti cha nyuma zikiwa hazijakunjuliwa.

Nilipompigia simu, suluhisho lake lilikuwa kuongeza presha ya mafuta kutoka bari 3 hadi 4, eti injekta zitatoa theluthi zaidi. Hapana! Mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha uwiano wa presha, yaani huongezeka kwa takriban asilimia 15, na muda wa kufunguka nao hubadilika. Angeongeza kosa la tatu juu ya mawili.

Ninachodai ni hiki: arudishe usomaji wa sensa ya hewa kama ulivyotoka kiwandani, ajaze 450 mahali pake kwa presha ambayo kipimo hicho kilichukuliwa, aweke muda wa kufunguka kwa kila volti, ndipo aguse jedwali la mafuta na taimingi. Akishindwa, anirudishie fedha zangu na aondoe nenosiri aliloliwekea faili la mipangilio ya kompyuta ya gari, kwa sababu fundi wa pili anaweza kulisoma lakini hawezi kulirekebisha. Mpaka hapo gari halitoki nje ya geti.