Ushauri wakuu: nimeletewa mkataba wa dola 6,000, nisaini au niache?

MwanaMbagala
Habari za jioni wakuu. Mimi ni msanii mdogo wa bongofleva, naimba toka 2017. Mwezi wa pili niliachia ngoma, tumerekodi chumbani kwa mshkaji wangu godoro tumeliegemeza mlangoni kelele za bodaboda zisiingie, biti kapiga yeye, basi ikashika TikTok mpaka watu wanaichezea kwenye sendoff. Juzi kampuni ya nje imenitumia imeili inataka kunisaini. Advansi dola 6,000 na video 3 wanagharamia wao, dola 5,000 kila moja. Wakuu sijawahi kushika hela hiyo, mama ana sukari na kodi ya chumba imeisha, nikasema Mungu kajibu. Ila nimeusoma mkataba kwenye simu, kurasa 31, kuna sehemu inasema masta, yaani rekodi zenyewe za nyimbo, zinakuwa zao milele na katika ulimwengu wote, sio dunia, ulimwengu, nimerudia kusoma mara tatu. Mimi napata asilimia 20. Albamu 4. Mwisho Ijumaa. Naombeni ushauri.

Mzee wa Kinanda
Dogo hongera, na pole kwa mama. Ijumaa usisaini. Mimi nilisaini na lebo moja 2011 nikiwa na njaa kama yako, ngoma yangu mpaka leo nikipanda daladala naikuta inapigwa, abiria wanaimba, mimi nimekaa pale sipati hata mia. Inauma sijui nikwambieje.

Kaka Mkubwa
Mimi napingana na mzee hapo juu. Ngoma za TikTok zinapoa haraka, kesho kutwa hakuna anayekujua. Chukua hela, mama atibiwe, nyimbo utaandika zingine.

Hesabu Kwanza
Kaka Mkubwa nyimbo zingine zipi, wakati zile albamu 4 nazo ni zao? Tupige hesabu. Advansi sio zawadi, ni hela yako unayopewa mapema, na mikataba mingi ya hivi gharama za video nazo zinarudishwa kutoka kwenye fungu lako. Sasa 6,000 jumlisha 15,000 ni 21,000. Fungu lako ni asilimia 20, kwa hiyo mpaka deni liishe kazi zako ziwe zimeingiza 105,000. Hapo wao wameshabaki na 84,000 yao, wamerudishiwa na ile 21,000, wewe ndo kwanza unaanza kuhesabiwa senti ya kwanza. Soma kifungu cha makato, uone kama video inakatwa yote au nusu.

Dada wa Mahakamani
Mdogo wangu, mimi ni wakili, nitasema kwa ujumla maana mkataba sijauona. Kuuza masta na kuwakodishia masta ni vitu viwili. Waombe leseni ya miaka kadhaa, ikiisha nyimbo zinarudi kwako, na iwe kwa hiyo ngoma moja kwanza. Angalia pia kifungu cha kurekodi upya, yaani kama utaruhusiwa kuimba na kurekodi tena nyimbo zako mwenyewe. Taylor Swift masta za albamu zake 6 za mwanzo ziliuzwa 2019 bila yeye kupenda, aliponea kwa kuwa nyimbo aliandika mwenyewe na muda wa kuzuiwa kurekodi upya ulikuwa unaisha, akaanza kuzitoa upya 2021, zile za zamani kaja kuzinunua 2025. Yeye ana hela na mawakili, bado ilimchukua miaka sita. Wewe ukizuiwa milele umekwisha.

Na swali ambalo hujaulizwa, huyo mshkaji aliyepiga biti mmeandikishana? Chini ya sheria ya hakimiliki ya 1999 na yeye ana haki yake pale. Ukisaini kwamba ngoma yote ni yako wakati siyo, kesi inakuja kwako, sio kwa kampuni. Andikianeni mgao halafu mkaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Mtoto wa South B
Buda huku Nairobi yamenipata hayo hayo ya biti, prodyuza alikuja kudai baada ya wimbo kuhit na tulikuwa marafiki wa dhati, saa hii hatusalimiani. Skiza dada.

MwanaMbagala
Wakuu nimerudi. Jana nimekaa na mshkaji, tumeandika kwenye daftari nusu kwa nusu, kila mtu kasaini na dada yake kawa shahidi. Nilikuwa naogopa kumwambia, kumbe na yeye alikuwa halali anawaza hilo hilo. Kampuni nimewaandikia kwamba masta siuzi, nakodisha, na ngoma ni hiyo moja tu. Nimetuma mkono unatetemeka. Wamejibu leo asubuhi, wanasema tuongee Jumatatu, ile Ijumaa hawajaitaja tena. Kodi ya chumba nimemuomba mwenye nyumba wiki mbili, kakubali. Sasa dada, wakiniuliza miaka nitaje mingapi?

Dada wa Mahakamani
Anza na mitatu. Ukiwapa mitano bado sio mbaya, ila advansi ipande au video zisikatwe kwako. Kabla ya Jumatatu nitumie inbox hizo kurasa, hasa za makato, nitakusomea bure.

Mzee wa Kinanda
Dogo, Jumatatu usiongee nao peke yako. Kama unataka nikae pembeni, nipo.