Mikeka ya kikundi inapinda: kili za mikono tofauti tuzioanisheje?

Mama Kili: Habari za leo jamani. Kikundi chetu cha kina mama tunakutana alasiri barazani, kila mtu anasuka ukili wake (utepe mrefu wa kusuka) wa ukindu, yaani majani ya mkindu, kisha tunaziunga kuwa mkeka wa sentimita 180 kwa 120. Ukitandikwa, ncha moja imepanuka na katikati pametuna. Na nyekundu inachujukia kwenye nyeupe! Tunakosea wapi?

Bi Shazia: Mama Kili, anzeni na upana. Kwa ukili wa sentimita 6 mnahitaji mistari 20. Kila mstari ukianza na 6 ukaishia 6.5, ncha ile inazidi kwa sentimita 10 nzima, na hapo hakuna ushonaji wa kuuokoa. Kazi ya kuchana ukindu wapeni watu wawili tu, ili chane zote (vipande vyembamba vya kusukia) ziwe na upana mmoja, na idadi ya chane iwe ileile kwa kila msukaji. Anayevuta sana hutoa ukili mwembamba, anayelegeza hutoa mpana. Kwa hiyo kila mmoja awe na kijiti chenye alama ya 6, apime kila shibiri. Kasoro ya shibiri moja inafumulika. Ya pima tatu (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) inauma.

Kutuna ni maji. Nyunyizieni chane, mzifunge kwenye kitambaa kibichi kama nusu saa, msiziloweke. Ukindu uliolowa sana hunywea ukikauka, ukili unalegea na matundu yanaonekana. Mkavu nao hukatika kwenye mkunjo.

Mchanaji: Rangi haikusuuzwa vya kutosha. Ikorogeni kwanza kwenye maji kidogo isibaki na madonge, mchemshe ukindu humo dakika 30 hivi, sufuria isishindiliwe. Suuzeni mpaka maji yatoke meupe, muanike kivulini. Kabla ya kusuka, sugueni chane moja kwa kitambaa cheupe kibichi. Kikipata rangi, rudini kusuuza.

Mama Kili: Ahsanteni sana. Na malipo? Tunalipana kwa pima.

Bi Shazia: Mikono haifanani, dada, pimeni kwa kamba moja ya mita 1.8. Mkeka huo unakula mita 36, yaani pima 20. Ongezeni 2 za kukatia na pindo. Pimeni ukili ukishakauka, na kila bunda lifungwe uzi wa rangi ya msukaji wake, mshonaji ajue amrudishie nani.